UCHAMBUZI: Wajenzi wa viwanja wakisamehewa kodi, nani Magogoni huziba pengo?

MASHABIKI wa Bandari FC walioko Magogoni, katika eneobunge la Kisauni, wanaukumbuka vyema mwaka wa 2019. Timu yao ilitwaa kombe la Shirikisho la Soka Kenya (FKF), ikafuzu kushiriki Kombe la Mashirikisho barani Afrika, kisha ikalazimika kuwapokea wageni wake katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Mombasa, mji wa pili kwa ukubwa nchini, haukuwa na uwanja uliofikia viwango vya Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Aliyetaka kuishangilia timu ya nyumbani ilimbidi asafiri karibu kilomita 500.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Chini ya Gavana Hassan Joho, aliyeongoza kati ya 2013 na 2022, serikali ya kaunti ilianza kuujenga upya uwanja wa Manispaa ya Mombasa ulioko kisiwani, ng'ambo ya Daraja la Nyali kwa mtu atokaye Magogoni. Joho aliondoka afisini kabla kazi haijakamilika.

Kila mara aibu kama hii inapojitokeza, dawa inayopendekezwa haraka ni moja: serikali iwapunguzie kodi wale watakaojenga viwanja na kuzifadhili timu. Pendekezo hilo ni tamu masikioni kwa sababu linaonekana halina gharama. Hakuna hela inayotoka mfukoni mwa serikali. Kuna ile tu isiyoingia. Kwa hesabu za bajeti, hata hivyo, shilingi isiyokusanywa ina uzito sawa na shilingi iliyotumika. Itatafutwa kwingine, au huduma fulani itaikosa.

Wamarekani wamepita njia hii kwa miongo mingi. Huko miji huuza hatifungani, yaani vyeti vya mkopo, ambazo riba yake haitozwi kodi na serikali kuu, kisha fedha hizo hujenga viwanja vya timu za mabwanyenye. Bunge lilijaribu kuuziba mwanya huo mwaka 1986 bila mafanikio. Utafiti uliotolewa na taasisi ya Brookings mwaka 2016 ulikadiria kwamba tangu mwaka 2000 serikali kuu ilikuwa imepoteza dola 3.2 bilioni kupitia viwanja 36. Jiji la Las Vegas nalo liliivuta timu ya Raiders kutoka Oakland kwa dola 750 milioni zilizotokana na kodi ya vyumba vya hoteli. Angalau huko mzigo mkubwa uliwaangukia wageni waliolala hotelini.

Nchini Kenya mzigo umewaangukia watu wengine kabisa, na hapo ndipo mkazi wa Magogoni anapohusika.

Mnamo Julai 2025, hatifungani ya Sh44.79 bilioni ya kujenga uwanja wa viti 60,000 jijini Nairobi, ule ulioanza kujengwa mwaka 2024 kwa jina la Talanta, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE). Uwanja huo ulikusudiwa fainali za Kombe la Afrika za 2027 ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja. Wenye fedha waliahidiwa faida ya 15.04% kwa mwaka, kwa miaka 15, bila kukatwa kodi. Kwa makadirio ya juujuu, faida ya kiwango hicho inakaribia Sh6.7 bilioni kwa mwaka kabla deni halijaanza kupungua. Kodi ya 10%, ambayo hukatwa kwenye riba ya hatifungani za kawaida za serikali za muda mrefu, ingekuwa takriban Sh670 milioni.

Watetezi wa mpango huo watajibu kwamba bila msamaha wawekezaji wangedai riba kubwa zaidi. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini haijibu swali la pili, ambalo ni zito zaidi: deni lenyewe linalipwa na nani?

Jibu ni Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo tegemeo lake kubwa ni kodi za kamari na bahati nasibu. Kodi ya mapato ya kamari, iliyoshushwa hadi 15% mwaka 2018, hutozwa kwenye kile kinachobakia na kampuni baada ya washindi kulipwa. Kwa lugha nyepesi, hutozwa kwenye fedha ambazo wachezaji wamepoteza. Kijana wa Magogoni anayebashiri matokeo ya ligi ya Uingereza kwa simu yake, akakosa, ameuchangia uwanja wa Nairobi. Mwenye mamilioni aliyeukopesha uwanja huohuo anapokea faida yake bila kukatwa hata senti. Kinaya kilioje! Isitoshe, Hazina hiyo iliundwa pia kusaidia sanaa na huduma za jamii kama vile afya, na kila shilingi iliyokwisha kuahidiwa wadai haiwezi kuelekezwa huko.

Kuitegemea kamari kuna hatari nyingine ambayo timu zetu zimeshaionja. Kodi ya kamari ilipopandishwa hadi 35% kuanzia Januari 2018, kampuni ya SportPesa ilifuta ufadhili wake wa michezo nchini, zikiwemo klabu za Gor Mahia na AFC Leopards, huku jina lake likisalia vifuani mwa wachezaji wa Everton kule Uingereza. Kodi ilipopunguzwa mwaka uo huo, klabu hizo mbili zikakumbukwa tena. Agosti 2019, baada ya mzozo mwingine na serikali kuhusu kodi na leseni, ufadhili ulikatika upya. Klabu zilijikuta silaha katika mvutano usiozihusu.

Sheria ya Kodi ya Mapato ilikuwa ikimruhusu mfadhili wa michezo kuondoa gharama za ufadhili kwenye mapato yanayotozwa kodi, mradi apate kwanza idhini ya waziri wa michezo. Kifungu hicho kiliifaa zaidi kampuni kubwa yenye faida nono na wanasheria wa kuiandikia maombi. Timu ya mtaani isiyo na mfadhili haikupata chochote. Bandari nayo ina ngao yake, kwa kuwa inamilikiwa na Halmashauri ya Bandari Nchini (KPA), shirika la umma, na huchezea Mbaraki.

Kinachosahaulika katika mjadala huu ni kwamba kaunti nazo zina meno. Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 inazikabidhi kaunti vifaa vya michezo, na katika orodha iyo hiyo inazitajia pia kamari. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kutoza kodi ya ardhi na majengo pamoja na kodi ya burudani. Kaunti ya Mombasa haiwezi kumsamehe mtu kodi ya mapato, lakini inaweza kuilegezea kodi ya ardhi klabu itakayojenga uwanja Kisauni, Likoni au Changamwe. Inaweza pia kuweka masharti: msamaha uwe wa miaka inayojulikana, kiasi kinachosamehewa kichapishwe katika bajeti kila mwaka, uwanja ufunguliwe kwa shule na timu za mtaa siku maalumu, na klabu ikiuza ardhi hiyo irejeshe kodi yote iliyosamehewa.

Masharti ya namna hiyo yanahitaji sheria ya bunge la kaunti, mahali ambapo wadi ya Magogoni ina mwakilishi wake. Kuhusu hatifungani ya Nairobi, mwakilishi huyo hakuwa na kura.