Ufukwe wa Barabara ya Toure ni Mali ya Umma
Sisi wakazi wa Songea, mji uliolirithi jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa kukataa kutawaliwa, tuna haki ya kuuliza fahari ya barabara hupimwa kwa mizani gani. Huko Dar es Salaam, ng'ambo ya Daraja la Salenda, Waingereza waliitenga Oysterbay iwe maskani ya Wazungu, nyumba zake zikiachiana nafasi kubwa ili upepo wa bahari uzipitie, ilhali watu wa Kariakoo, waliowapikia na kuwafulia, wakibanana katika vyumba vya kupanga. Barabara ya ufukweni hatimaye ikapewa jina la Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, nchi iliyothubutu kuikatalia Ufaransa mwaka 1958. Lakini jina lilibadilika upesi kuliko tabia, kwani mabalozi na matajiri ndio waliowarithi Wazungu wale.

Hata hivyo, upande wa bahari umesalia ufukwe wa Coco, na hapo kila Jumapili huja familia za Mbagala na Manzese kwa daladala, watoto wakaoga, watu wazima wakala mihogo ya kukaanga kwa pilipili, bila ya kumwomba mtu idhini. Kwangu mimi hiyo ndiyo johari ya barabara ile, wala si majumba yake. Basi Manispaa yetu, inapopima viwanja kuelekea Matogoro, milima inayotuzalia mto Ruvuma, na itenge mapema ardhi ya umma, kwa hati, kabla kuta hazijatangulia.