Nyumba na Jamaa: Chombo Kikivunjika kwa Bahati Mbaya, Bima Italipa?

Katika nyumba nyingi za askari, hati ya bima huwekwa sandukuni pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vya shule, ikafungiwa humo mpaka siku ya balaa. Siku hiyo inapofunguliwa ndipo mama mwenye nyumba anapotambua kwamba jambo lililomfika halimo katika mambo yaliyoahidiwa. Ada imekwisha kulipwa, chombo kimekwisha kuvunjika, na baba yumo kazini mbali na nyumbani. Masikitiko ya namna hii yaweza kuepukwa ikiwa jamaa wataelewa tofauti moja iliyomo katika bima ya nyumba: tofauti kati ya balaa zilizotajwa kwa majina na uharibifu wa bahati mbaya.

Bima ya nyumba ilizaliwa kwa sababu ya moto. Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 mjini London, na katika miaka ya 1680 Nicholas Barbon na wenzake wakaanzisha ofisi ya kuwafidia wenye nyumba waliounguliwa. Balaa nyingine ziliongezwa baadaye, moja baada ya moja. Ndiyo maana hata leo hati ya kawaida inayouzwa Uganda na nchi jirani ina umbo la orodha: moto, radi, mlipuko, tetemeko la ardhi, dhoruba na mafuriko, tangi au bomba la maji kupasuka, gari kugonga nyumba, na wizi wa kuvunja mlango au dirisha. Lililomo katika orodha hulipwa. Lisilokuwamo halilipwi, hata likiwa zito namna gani.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba ya koplo mmoja. Moto ukizuka sebuleni na kuunguza televisheni, jamaa hao wana haki ya kudai fidia. Lakini mtoto akicheza mpira humo ndani na kuiangusha televisheni hiyo hiyo, dai lao laweza kukataliwa, kwa kuwa hapakuwa na moto, wala radi, wala mwizi. Chombo ni kile kile na hasara ni ile ile. Kilichobadilika ni sababu tu. Hapo ndipo kifungu cha uharibifu wa bahati mbaya kinapohitajika, nacho aghalabu huongezwa kwa ada ya ziada.

Katika hati nyingi za bima ya nyumba, fungu la kwanza huhusu jengo, la pili huhusu vyombo vya ndani, na la tatu huhusu vitu vilivyoorodheshwa kimoja kimoja, kila kimoja na thamani yake. Fungu hilo la tatu hukinga karibu kila hatari, isipokuwa zile zilizotengwa waziwazi. Humo ndimo zinamopaswa kuandikwa simu, kompyuta ya mkononi, kamera au cherehani. Kitu ambacho hakikuandikwa hakina kinga ya fungu hilo, hata kama mwenyewe alikitaja kwa mdomo mbele ya wakala.

Hata hivyo, si kila kuharibika ni bahati mbaya. Machoni pa bima, ajali ni jambo la ghafla, lisilotazamiwa wala kukusudiwa. Zulia lililochakaa kwa kukanyagwa miaka mingi si ajali. Nguo iliyotobolewa na nondo, kabati lililoliwa na mchwa na godoro lililotafunwa na panya havimo. Jokofu lililokufa kwa ubovu wa mtambo wake halimo, na mara nyingi hata kifaa kilichoungua kwa sababu ya umeme kurudi kwa nguvu nyingi hutengwa. Mtu aliyeirusha redio ukutani kwa hasira hakupatwa na ajali. Ameharibu mali yake kwa kusudi. Hali kadhalika, hasara zitokanazo na vita hutengwa katika takriban kila hati.

Jamaa za askari na polisi wana mambo matatu zaidi ya kuangalia. Kwanza, nyumba ya kambi ni mali ya serikali, na anayekaa humo hana haki ya kuikatia bima jengo lake kana kwamba ni lake. Anachoweza kukinga ni vyombo vyake mwenyewe. Sare na zana za kazi nazo si vyake. Pili, bima ya vyombo hufungamana na anwani iliyoandikwa. Askari akihamishwa kutoka Jinja kwenda Gulu bila kuliarifu shirika la bima, vyombo vyaweza kufika Gulu bila kinga yoyote. Na kuvunjika kwa vyombo njiani juu ya lori ni jambo la kuulizwa peke yake. Tatu, hati nyingi hupunguza au husimamisha kinga ya wizi nyumba ikikaa tupu muda mrefu, kwa mfano zaidi ya siku 30 mfululizo. Mume akiwa katika operesheni na mke akienda kijijini kuuguza mzazi, siku hizo hupita upesi.

Jambo jingine linalowaumiza wengi ni kuandika thamani ndogo ili ada iwe nafuu. Ikiwa vyombo vyote vina thamani ya shilingi 10,000,000, na mwenyewe ameandika 5,000,000 tu, basi amekinga nusu ya mali yake. Akipata hasara ya shilingi 2,000,000, shirika laweza kumlipa 1,000,000, kwa kuwa nusu nyingine aliichagua kuibeba mwenyewe. Tena katika madai mengi mwenye bima hujilipia kiasi cha mwanzo kilichowekwa katika mkataba. Kiasi hicho kikiwa shilingi 100,000, atapokea 900,000.

Je, inafaa kulipa ada ya ziada? Jibu limo ndani ya kiasi hicho cha mwanzo. Vikombe, sahani na glasi zinazovunjwa na watoto mwaka mzima hazifikii kiasi hicho, kwa hiyo bima haitazilipa kamwe. Kwa hizo akiba ndogo ya nyumbani yatosha. Lakini ikiwa nyumbani mna cherehani inayowalisha watoto, au kompyuta ambayo kijana anaisomea chuoni, na mshahara wa mwezi mmoja hauwezi kununua nyingine, kinga hiyo yaweza kuwa na maana kubwa. Vitu vichache vya thamani viandikwe vizuri, badala ya kulipia kila kijiko.

Kabla ya kutia sahihi, mume na mke waketi pamoja wamwulize wakala maswali manne, naye awaonyeshe majibu katika maandishi ya hati: Uharibifu wa bahati mbaya umo au haumo? Ni vitu gani vilivyotengwa? Kiasi cha kujilipia ni shilingi ngapi? Tukihama, tufanye nini? Risiti za vitu vikubwa zihifadhiwe, na picha zake zipigwe. Ajali ikitokea, kilichovunjika kisitupwe wala kutengenezwa kabla mkadiriaji hajakiona. Shirika liarifiwe mara moja, na ikiwa ni wizi, taarifa ifikishwe kituo cha polisi.

Dai likikataliwa, mwenye bima ana haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Asiporidhika na majibu ya shirika, nchini Uganda anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017. Huko pia neno litakalopimwa ni lile lililoandikwa. Kwa hiyo mke anayebaki nyumbani ajue hati ilipo, aisome au asomewe na mwanawe aliye shuleni, maana siku ya ajali huenda ndiye atakayekuwa peke yake mlangoni kumpokea mkadiriaji.