Anyamazaye Darasani Si Mjinga

KILA ufikapo mwezi wa Januari milango ya madarasa ya awali hufunguliwa kote nchini, na visiwa vyetu vya Ukerewe na Ukara havibaki nyuma. Wazazi hushonesha sare, hununua madaftari na kuwaamsha watoto mapema kuliko ilivyokuwa desturi. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Lakini liko jambo moja ambalo halishonwi na fundi wala haliuzwi katika maduka ya Nansio, nalo ni lugha ambayo mtoto huyo ataingia nayo darasani.

Watoto wengi wa visiwa hivi huanza kusema kwa Kikerewe, Kijita au Kikara. Kiswahili hukisikia gulioni, redioni, kwenye kivuko na mialoni, kutoka vinywani mwa watu waliofuata uvuvi kutoka mikoa mingine. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 anayo lugha moja anayoimudu barabara, na nyingine anayoielewa nusunusu. Siku ya kwanza ya shule hutakiwa atumie ile ya pili peke yake. Baadhi ya watoto hunyamaza. Wengine hulia. Wapo ambao hawaitiki hata mwalimu anapoita jina lao, kwa sababu nyumbani wamezoea kuitwa kwa jina la babu, na hilo la kwenye cheti hawajapata kulisikia.

Hatari inaanza hapo. Mtoto aliyenyamaza huhesabiwa kuwa mzito wa akili. Hukalishwa nyuma, haulizwi swali, na baada ya miezi michache yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba shule si mahali pake. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno, tena bila ya ushahidi. Walezi na wataalamu wa watoto wanaifahamu vyema hali hii: mtoto aingizwaye ghafla katika lugha ngeni aghalabu hukaa kimya kwa wiki kadhaa, pengine kwa miezi, huku akisikiliza na kukusanya maneno. Kimya hicho ni kazi, wala si uvivu. Vilevile mtoto anapochanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja hajachanganyikiwa. Anatumia alichonacho hadi apate kilicho bora zaidi.

Hatuandiki haya kwa kukipinga Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya Taifa letu, nacho ndicho kilichotuwezesha watu wa makabila zaidi ya 120 kukaa pamoja na kusikilizana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliamua kwamba elimu ya awali itolewe kwa Kiswahili, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka 1. Maamuzi hayo tunayaunga mkono. Lakini Taifa hili hili, katika Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, lilitamka kwamba wananchi wataendelea kuzitumia lugha zao za jamii na kujivunia. Sera hizo mbili hazigombani. Anayezigombanisha ni yule anayemwambia mama asiseme Kikerewe na mwanawe ili mtoto ajue Kiswahili haraka.

Ushauri huo umeenea, nasi twauona kuwa ni wa hasara. Mama aliyezoea kusimulia, kuonya, kutania na kubembeleza kwa lugha yake, akiamriwa atumie lugha asiyoimudu, hubaki na maneno machache ya amri: njoo, kaa, nyamaza, kula. Mtoto hupoteza mazungumzo marefu ya nyumbani na hapati mengine badala yake. Tena hutengana na bibi yake, ambaye pengine ndiye mwalimu wake wa kwanza. Tangu mwaka 1953 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni lilieleza kwamba lugha ya mama ndiyo njia bora ya kumwanzishia mtoto masomo. Tusipoweza kumfundishia kwa lugha hiyo, angalau tusimnyang'anye.

Na sisi wa visiwani tunayo bahati ambayo wengi hawana. Kikerewe, Kijita, Kikara na Kiswahili zote ni lugha za Kibantu. Mtoto wetu aingiapo darasani tayari anajua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba majina yamo katika ngeli na kwamba sentensi nzima hupatana na jina. Hana haja ya kujengewa nyumba mpya. Msingi anao, kinachotakiwa ni kuongeza chumba.

Anayetilia shaka maneno haya na amkumbuke mzee wetu Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, na kufikia mwaka 1945 alikuwa amekamilisha kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kwa miaka mingi hakupata wa kukichapa katika lugha hiyo. Basi alikifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam mwaka 1980, muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1981. Kikerewe hakikumzuia kuandika Kiswahili kinachosomwa hadi leo. Ndicho kilichompa la kuandika.

Je, mzazi afanye nini katika miezi hii kabla ya shule? Kwanza, aendelee kuzungumza na mtoto kwa lugha anayoimudu zaidi, tena azungumze sana: amsimulie hadithi, amtegee vitendawili, wahesabu pamoja samaki wa kitoweo, wataje rangi za kanga na sehemu za mtumbwi. Mtoto ajuaye kuhesabu kwa Kikerewe hatafundishwa tena maana ya hesabu. Atapewa majina mapya tu. Pili, amzoeze Kiswahili kidogo kidogo, kwa nyimbo, kwa redio na kwa michezo na watoto wa jirani, pasipo kumcheka akikosea. Tatu, amfundishe sentensi chache za kumwokoa: jina langu ni fulani, naomba kwenda chooni, nina kiu, ninaumwa, sijaelewa. Mtoto mwenye sentensi hizi hatajikojolea kwa kukosa neno. Nne, amjulishe jina lake la shuleni na kumzoesha kuliitikia. Tano, ampeleke aione shule kabla ya siku yenyewe, aijue njia, aone choo kilipo na kumwamkia mwalimu.

Iko pia tahadhari moja. Mtoto anayenyamaza shuleni lakini akifika nyumbani anasema sana kwa kawaida hana ugonjwa. Lakini mtoto asiyesema vizuri hata kwa lugha ya nyumbani, au asiyegeuka anapoitwa, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Tofauti hiyo ni kubwa, na mzazi ndiye awezaye kumweleza mwalimu.

Kwa walimu wetu twasema kwa heshima. Wengi wamepangiwa kazi hapa kutoka mikoa ya mbali, na hakuna haki ya kumlaumu mtu kwa kutojua Kikerewe. Hata hivyo, mwalimu akijifunza salamu za hapa na maneno 20 ya kumtuliza mtoto, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko chati 10 za ukutani. Na adhabu au dhihaka kwa mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani ziwe mwiko kabisa.

Kwa viongozi wa Halmashauri ya Wilaya, maofisa elimu wa kata na kamati za shule, tunatoa rai tatu ambazo hazihitaji fedha nyingi. Wakati wa kuandikisha watoto, pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa, iandikwe lugha anayosema mtoto nyumbani na jina analoitwa huko, ili mwalimu ajue anampokea nani. Pili, kila shule ichague mzazi mmoja au wawili wajuao lugha zote mbili, wakae na darasa la awali katika wiki za kwanza na kumsaidia mwalimu kufasiri. Tatu, palipo na walimu waliozaliwa visiwani, wafikiriwe kwanza kwa madarasa ya awali, kwa kuwa huko ndiko lugha ya nyumbani inakohitajika zaidi.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hatutaki kulea watoto watumwa, wala hatutaki wafungiwe katika lugha moja wasiweze kuvuka ziwa. Tunataka mtoto wa Ukara na wa Ukerewe afike mlangoni pa darasa akiwa na lugha mbili mikononi, na akute mtu mzima anayejua kwamba zote mbili ni mali. Usajili wa watoto haungoji. Viongozi na wazazi wakutane sasa, kabla kengele haijalia.