Jina Lisiloandikwa kwenye Stakabadhi

Tukizungumzia ulinzi wa familia, fikra zetu hukimbilia lango, silaha na sauti ya baba. Katika milima ya Umatengo, Ukata ikiwamo, ulinzi mkubwa kuliko huo hufanywa kwa jembe, na wanaoufanya ni akina mama walioinama mteremkoni.

Nazungumzia ngoro. Kwa desturi wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga katika miraba. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Linabaki shimo lililozungukwa na matuta, na juu ya matuta hupandwa maharagwe. Mahindi hufuata msimu mwingine. Nyasi huoza zikawa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuuburuta udongo hadi bondeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, waliuchunguza mfumo huu katika miaka ya 1990. Mama anayefukia nyasi leo anamlinda hata mjukuu asiyezaliwa, kwa maana udongo ulioteremka mtoni haurudi.

Kahawa ina habari nyingine. Kwa mazoea mibuni ni ya mume, hata pale mikono inayopalilia na kuchuma ni ya mke na watoto. Kahawa hupimwa, huandikwa, hutolewa stakabadhi, na jina lililomo mara nyingi ni la baba. Maharagwe huingia chunguni bila kupita kwenye mizani yoyote. Hivyo mtumishi wa halmashauri akifungua daftari lake humwona mkulima mmoja mahali walipo wawili. (Waume waungwana wapo, tena wengi. Ugomvi wangu ni na daftari.)

Sheria yetu haijafumba macho kabisa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Rufaa ya Bi Hawa ilishindwa kwa sababu nyingine, lakini kanuni ilibaki. Taabu ni kwamba kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kilichotafsiriwa siku ile, huamka ndoa inapovunjika au wanandoa wanapotengana. Mama aliyechimba ngoro miaka arobaini, asiyetaka talaka wala ugomvi, kinamsaidia nini?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kubeba majina ya wote wawili. Ndugu watumishi wa umma, fomu hizo zipo mezani kwenu. Mwananchi akija kuomba hati, mwulizeni mke yuko wapi kabla ya kugonga mhuri. Nanyi viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, msimu wa kahawa haujawadia bila ninyi kupitia orodha ya wanachama. Ipitieni safari hii mkiwa na akina mama chumbani.