Kidonda cha Mwezi Mzima Si cha Kupaka Mafuta Tu

Wasee wa Kitui na Makueni, leo tuongee ukweli. Kuna hii stori tumeimeza bila kuuliza: eti kansa ya ngozi ni ugonjwa wa wazungu. Sisi tuko na melanini, jua tumelizoea, basi tumemaliza. Mimi nakataa.

Melanini inasaidia, hakuna anayebisha. Lakini Bob Marley alikufa 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwa kidole cha mguu. Na hiyo ni aina moja tu. Ziko mbili zingine ambazo duniani zinapata watu wengi kuliko hiyo: kansa ya seli za bezali na ya seli za skwamasi. Hizi huanza na kitu kidogo hadi unaona aibu kumsumbua daktari nacho.

Ya skwamasi huja kama kidonda kinachokataa kupona, ama uvimbe mgumu wenye magamba, ukiugusa unatoa damu. Ya bezali ni kauvimbe kanakong'aa. Kwa ngozi nyeusi mara nyingi kanakuwa keusi, kwa hivyo mtu anadhani ni baka la kawaida. Kanakua polepole, kanachimbika katikati, ganda linatoka na kurudi.

Sasa, nani yuko hatarini hapa kwetu? Kwanza, wenzetu wenye ualbino. Sensa ya 2019 ilihesabu 9,729 Kenya nzima. Jua la Ukambani unalijua: kuchota maji, kuvuna ndengu, kungoja matatu stejini bila kivuli. Kwao, vidonda vya uso, masikio, shingo na mdomo wa chini si vya kungojea.

Pili, yeyote mwenye kovu kubwa la moto ama kidonda sugu, hata kama ngozi yake ni nyeusi tititi. Kwetu bado tunapika kwa mawe matatu, watoto wanaungua. Nyoka wanauma watu shambani. Kovu linakaa miaka na miaka, halafu siku moja linafunguka na halifungi tena. Kwa watu weusi, skwamasi hupenda kuanzia hapo, hata mahali jua halifiki. Susu ana kidonda mguuni tangu ukiwa primari, na nyumba nzima imezoea kumfunga kitambaa. Hiyo mazoea ndiyo mbaya.

Msimamo wangu ni huu: kidonda kikimaliza wiki nne bila kupona, kipimwe. Usikubali tyubu ya tatu ya dawa ya kupaka. Uliza kwa heshima, lakini uliza: "Daktari, mtakata kipande kipelekwe maabara lini?" Hizi kansa zikishikwa mapema, mara nyingi upasuaji mdogo unazimaliza. Ukichelewa, ya bezali inakula pua ama jicho, na ya skwamasi inaweza kufika kwenye tezi. Hapo ndipo safari za Nairobi zinaanza, na grupu ya WhatsApp ya harambee.

Tena, losheni ya kukinga jua. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwapa watu wenye ualbino losheni hiyo bure kupitia hospitali za serikali. Poa sana. Lakini kama unatoka ndani kabisa Mutomo ama Kibwezi na chupa iko hospitali ya mbali, nauli ndiyo bei yake. Kaunti zetu mbili ziifikishe kwa zahanati iliyo karibu na mtu, kila mwezi, kama vile chanjo za watoto hufika. Kwa mtu mwenye ualbino hii losheni ni dawa, si vipodozi.

Na walimu wakuu, tafadhalini. Mwanafunzi mwenye ualbino aruhusiwe kofia pana na mikono mirefu, hata kwa gwaride, hata kwa michezo. Kepu haitoshi, inaacha masikio na shingo nje. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, apewe kivuli. Sare ya shule si muhimu kuliko sikio la mtu.

Wewe unayesoma, kazi yako ni ndogo. Wikendi hii ukienda ushago, mwombe susu akuonyeshe ule mguu. Muulize una muda gani. Akisema "ni siku nyingi," msitafute mafuta mengine. Tafuteni bodaboda, mwende hospitali pamoja.