Wakamata Wezi Walioibwa



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa dogo, yaani riwaya za zamani za upelelezi. Tunazikusudia zile hadithi za Bwana Msa, za Willy Gamba na za Joram Kiango, ambazo wazazi wetu walizisoma hadi kurasa zikachakaa, na ambazo sasa zimefufuka ndani ya simu za mkononi. Zinapita katika makundi ya WhatsApp, yakiwemo ya jumuiya ndogo ndogo na ya wanakwaya, zikiwa zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa au kuandikwa upya na mtu asiyejulikana, mara nyingi bila jina la mchapishaji, na wakati mwingine bila hata jina la mwandishi. Wanaozituma hujisifu kwamba wanauokoa urithi wa taifa. Sisi twasema wazi kwamba huo ni wizi, na ni wizi unaoziua riwaya zenyewe. Vitabu hivi vyastahili kuchapishwa upya, vikiwa kamili, vikiwa na jina la mwandishi, na warithi wake wakilipwa. Kila anayesambaza nakala ya wizi anaisogeza mbali siku hiyo.

Kwa ajili ya vijana wetu, tuanze na chimbuko la vitabu hivyo. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kitabuni mwaka 1960, na humo wasomaji walikutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, asiye na papara. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Katika miaka ya 1980 Ben Mtobwa, mwana wa mkoa wa Kigoma, kule ilikoishia njia ya misafara iliyopita hapa kwetu Tabora, alituletea Joram Kiango. Vilikuwa vitabu vyembamba, vya karatasi hafifu na bei ndogo. Vilisomwa katika treni ya reli ya kati, katika mabweni ya shule na vibarazani.

Wapo wazazi na walimu wa dini watakaotuuliza: vitabu hivyo vina thamani gani hata vitetewe? Si afadhali vife? Tunawajibu kwa mfano mmoja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale mtu anakutwa ameuawa mahali panapoogopwa kuwa ni pa mizimu, na walio wengi wako tayari kuamini kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa hakubali. Anauliza maswali, anapima muda, anachunguza alama, hata anamfikia binadamu mwenye mikono na nia ya kuua. Mkristo wa Unyamwezi anaposoma kisa hicho hapaswi kukichukulia kama mchezo. Katika mikoa hii yetu ya magharibi, vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi umeletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Kila mauaji ya namna hiyo huanza na mtu aliyekubali jibu kabla ya kuuliza swali. Mwandishi aliyewafundisha watu wa kawaida, kwa Kiswahili kitamu, kwamba mshtakiwa hatiwi hatiani bila ushahidi, ametenda kazi ambayo mahubiri yetu mengi hayajafanikiwa kuitenda.

Mintarafu Willy Gamba, hatutaficha kasoro zake. Anakunywa kupita kiasi, na wanawake katika visa vyake mara nyingi huwekwa kama mapambo ya chumba. Mlezi wa vijana ana haki ya kulisema hilo, tena alisema kwa sauti. Lakini aseme pia lililobaki. Kufa na Kupona inahusu nyaraka za siri za harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, zilizoibwa Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. Gamba anatumwa Nairobi kuzifuatilia. Kijana wa leo anayedhani uhuru wa Msumbiji au wa Zimbabwe ulishuka tu kutoka mbinguni, atajifunza humo kwamba kulikuwa na watu waliouawa kwa ajili yake katika mitaa anayoijua. Na hapa msomaji ajiulize: inakuwaje kisa cha kumwinda mwizi wa karatasi kitufikie leo kwa karatasi za wizi?

Ulinzi wa kwanza wa wanaosambaza nakala hizo ni kwamba vitabu havipatikani madukani. Ni kweli, na sababu zake zajulikana. East African Literature Bureau ilikuwa chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, wasomaji wa Tanzania walitengana na mchapishaji wao. Ikafuata vita ya Kagera, ukafuata uhaba wa karatasi pamoja na uhaba wa kila kitu. Waandishi walilazimika kujitafutia njia. Mtobwa alianzisha shirika lake mwenyewe, Heko. Lakini tangu lini uhaba wa kitu ukamhalalishia mtu kukichukua bila idhini? Nyakati zile za foleni, sukari nayo haikupatikana, na aliyevunja ghala usiku aliitwa mwizi.

Tena uhaba huo sasa tunaulea wenyewe. Gharama kubwa ya kitabu huja kabla nakala ya kwanza haijatoka mtamboni: kuandika maneno upya kwa kompyuta, kusahihisha, kupanga kurasa, kuandaa mitambo. Zikichapwa nakala 300, mzigo huo wote huwaelemea wanunuzi 300, na kitabu huwa ghali. Zikichapwa 3000, kila mnunuzi hubeba sehemu yake ndogo tu. Basi mchapishaji mwaminifu akitaka kuirudisha Njama au Salamu Kutoka Kuzimu, swali lake la kwanza ni kama wako wanunuzi 3000. Anafungua simu yake, anakuta kitabu kizima kimeshagawiwa bure kwa watu asioweza kuwahesabu. Anaachana na mpango huo. Kisha sisi tulewale tunalalamika kwamba Watanzania hawachapishi vitabu.

Ulinzi wa pili ni kwamba kutuma nakala ni ukarimu, sawa na kumwazima jirani kitabu. Sivyo. Anayeazima kitabu alichokinunua anabaki bila kitabu mpaka kirudishwe. Kitabu ni kimoja, nacho kililipiwa. Anayetuma nakala kwa watu 200 hapungukiwi chochote, na hiyo ndiyo dalili kwamba anatoa sadaka kutoka mfuko wa mwingine. Azimeni vitabu, wapendwa, na muazime sana. Wala hatumkatazi mtu kuhifadhi kitabu chake kilichochakaa. Tunachokikataza ni kuugeuza mkono wa kuazima kuwa mtambo wa kuchapa.

Aidha, hao wanaojiita waokoaji hawaokoi hata kile wanachokichukua. Riwaya ya upelelezi imesukwa kwa vitu vidogo: saa iliyosimama, kitasa kilichofungwa upande wa ndani, neno moja lililomponyoka shahidi. Ukurasa mmoja ukikosekana, msomaji hatambui ni kwa namna gani mpelelezi alifikia mwisho wake, naye hudhani mwandishi alikuwa mzembe. Nakala nyingi zinazopita simuni zina kurasa zilizorukwa, majina yaliyobadilishwa, na sehemu zilizokatwa ili msomaji angoje “itaendelea kesho”. Huko ni kumsingizia marehemu maneno asiyoyasema.

Sheria yenyewe haina utata. Kadiri ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mwandishi Tanzania Bara hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Haki za kazi zao basi ni za warithi wao hadi mwaka 2058 na 2060. Tunawataja marehemu hao katika mazungumzo yetu kwa heshima na mapenzi, na papo hapo tunakula chakula cha watoto wao. Amri ya saba haikuweka kando mali zisizoshikika kwa mkono.

Watu wa Tabora, zaidi ya watu wengine, twapaswa kulielewa jambo hili. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, vitambaa na shanga akienda bara, pembe za ndovu akirudi pwani, kwa mwendo wa miguu wa miezi. Mzigo haukuwa wake, naye alilijua hilo. Kilichokuwa chake ni ujira, ambao aliupatana kabla ya kujitwika, na akipunjwa aligoma. Walikuwapo pia waliotoroka porini na mizigo, wala hatujasikia kwamba kuna aliyewaita waokoaji wa bidhaa. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha watu wengine, waliofungwa minyororo, waliobebeshwa bila kuulizwa na bila kulipwa. Hatusemi kwamba mwandishi aliyeibiwa kitabu ni sawa na mtumwa. Kufananisha hivyo kungekuwa kuwadharau waliopitia mateso yale. Twasema tu kwamba mji uliowaona kwa macho yake watu wanaolipwa na watu wasiolipwa hauwezi kudai haujui tofauti yao.

Pengine mtu atasema kwamba njia ya haki haiwezekani kwa hadithi za bei rahisi. Yametendeka kwingine. Huko Marekani, majarida ya The Shadow na Doc Savage, yaliyoanza mwaka 1931 na 1933, yalichapwa kwenye karatasi duni mno na yote mawili yalikoma mwaka 1949. Wasomi waliyaona takataka. Mwaka 1964 shirika la Bantam lilianza kuvitoa upya visa vya Doc Savage kama vitabu vya bei nafuu, na kufikia mwaka 1990 lilikuwa limevimaliza vyote 181. Lester Dent, aliyeviandika vilivyo vingi, alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1959, na jalada lilibeba jina la kubuni la Kenneth Robeson. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2020, Anthony Tollin alivichapisha tena kwa idhini ya wenye haki, akiongeza makala za kueleza ni nani hasa aliyeandika. Hapa kwetu Afrika Mashariki nako, Dar es Salaam Usiku cha Mtobwa, kilichotolewa na Heko mwaka 1990, kilichapishwa tena Nairobi na East African Educational Publishers. Njia basi ipo, nayo imekwisha kupitwa.

Tufanye nini? Kwanza, kila mmoja wetu aache leo kutuma nakala hizo, na wenye kuyasimamia makundi ya jumuiya wazikatae kama wanavyokataa picha chafu. Pili, mwenye nakala halisi nyumbani, ambayo pengine mzee ameifungia sandukuni, aitunze. Mchapishaji mwaminifu akitafuta kitabu kamili cha kuandikia upya, nakala hiyo itakuwa na thamani kuliko picha elfu za simu. Tatu, shule zetu, vikundi vya vijana na vya akina mama viandikishe majina ya walio tayari kununua na kiasi walicho tayari kulipa. Orodha ya namna hiyo, ikitoka katika parokia nyingi, ndiyo inayomwondolea mchapishaji hofu, na ndiyo itakayompa mrithi sababu ya kutia sahihi mkataba.

Waliotutangulia katika imani mkoani humu waliamini kwamba maskini anastahili kusoma, ndiyo maana wakajenga kiwanda cha uchapaji pale Kipalapala, na majina ya T.M.P. na Kipalapala yakasomeka katika vitabu vya Kiswahili nchi nzima. Hawakuanza kwa kutafuta cha bure. Walinunua mitambo, wakalipa mafundi, na wasomaji wakalipa senti zao.

Bei ya kitabu chembamba, kikichapwa kwa wingi, haiwezi kuzidi sana vocha tunazozimaliza kwa juma moja tukitumiana vya wizi. Maandiko hayakumruhusu mwenye mali kulala usiku na ujira wa kibarua wake. Ujira wa watu hawa tumelala nao miaka mingi. Tuutoe.