KUJITENGENEZEA GARI SI KUMNYIMA FUNDI MKATE

Ndugu wafanya kazi,

Katika mkutano wa tawi letu ndugu mmoja alisimama akasema kwamba mtu mwenye gari kuukuu, anayelala chini ya gari lake kila Jumamosi na spana mkononi, anamnyang'anya fundi mkate wake, na fundi naye ni mfanya kazi kama sisi. Watu walinitazama wakacheka, maana wanajua ninalo Volkswagen kuukuu, lile la mviringo kama kobe, na mashati yangu yote yana alama za oili. Siku ile sikujibu. Leo najibu.

Kwanza nieleze nilivyoanza. Nililinunua gari hilo kwa mzee aliyestaafu, nami sikujua kitu juu yake. Likawa linapata moto njiani, nikalipeleka gereji moja. Jioni nikapewa karatasi ya malipo iliyoandikwa: kuosha radieta, shilingi 1,500. Nikalipa, nikashukuru, nikampa na kijana bakshishi. Nilipofika nyumbani jirani yangu akaisoma ile karatasi, akaketi chini kwa kucheka. Gari lile halina radieta! Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo wa feni, haitumii maji hata tone. Mimi ninayeshinda kutwa katika karakana ya reli nililipia kuoshwa kwa kitu kisichokuwapo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mkanda wa feni uliolegea. Mkanda huo hukazwa kwa spana moja na bisibisi moja. Puli ya juu ni vipande viwili, na katikati yake mna vibati vyembamba vya mviringo. Ukitoa kibati kimoja, vipande hukaribiana na mkanda hukaza. Kile ulichokitoa hukiweka upande wa nje, chini ya nati, kisipotee. Ni kazi ya nusu saa, na mtoto wa shule aweza kufundishwa.

Si mimi wa kwanza kulipia kisichokuwapo. Jina Volkswagen kwa Kijerumani maana yake ni gari la watu. Serikali ya Hitler ilivunja vyama vya wafanya kazi mwaka 1933, kisha mwaka 1938 ikaanza kuwauzia wafanya kazi stempu za mark 5 kila juma ili wapate gari hilo. Maelfu kwa maelfu walilipa. Vita vikaja mwaka 1939, kiwanda kikatengeneza magari ya jeshi, na katika wale walionunua stempu hata mmoja hakupewa gari. Hawakuwa na chama cha kuwaulizia.

Nakubali kwamba nimejifunza kwa makosa. Betri ya gari hilo hukaa chini ya kiti cha nyuma, nayo yapasa kufunikwa. Kifuniko changu kilipotea, nikaona si kitu. Siku moja mjomba wangu, mtu wa mwili, akaketi nyuma tukienda harusini. Springi za kiti zikashuka zikagusa betri, na moshi ukaanza kutoka chini ya mjomba. Aliruka nje kama kijana wa miaka 18! Baadaye tulicheka, lakini kweli ni kwamba gari lingeweza kuwaka na watu wakiwa ndani. Kesho yake nilikata mpira wa ndani wa tairi bovu nikaifunika betri. Sikutumia hata senti moja.

Basi ndugu yangu, fundi mwema hanyimwi mkate na mtu anayejua. Klachi ikiisha nampelekea fundi wa jua kali, namwambia ni klachi, tunapatana bei bila kudanganyana, naye hupata haki yake. Anayenyimwa mkate ni yule mwosha radieta, naye simwonei huruma.

Tena sisemi kila kitu ujifanyie. Breki na usukani siguswi na mimi peke yangu. Nilipoona gari lavuta upande mmoja nikikanyaga breki, nilimwita fundi, nikasimama karibu nikatazama na kuuliza. Kosa la mkanda litakulaza njiani. Kosa la breki litakulaza kaburini, pamoja na watoto wa watu wengine.

Wengine watasema magari ya siku hizi yana kompyuta. Ni kweli. Lakini hata hayo yana tairi, yana oili ya kupimwa, yana betri ya kusafishwa vichwa. Aanzie hapo.

Nashauri hivi. Tawi letu linunue sanduku moja la vyombo: spana, bisibisi, jeki, na vigingi imara vya kusimamishia gari, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini. Jumamosi moja kila mwezi tumwalike fundi wa jua kali atufundishe, nasi tuchange tumlipe ujira wake. Hapo yeye atapata mkate na sisi tutapata elimu.

Kuuliza si ujinga. Karatasi yangu ya radieta ninayo mpaka leo, na atakayetaka kuiona aje.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli